Haya ya Mama Odile na Tumbo la Tatiana

Odile alizaa watoto watano, na wote watano aliwasafisha matumbo kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi asubuhi aliwapanga nyuma ya nyumba yao pale mtaa wa Manika, kila mtoto na kilio chake, naye amekaa kwenye kiti kifupi na poire yake nyekundu, ule mpira wa duara wenye mdomo mwembamba wa kuingizia maji ya dawa kwa nyuma. Mtoto akikohoa, poire. Akikataa kula, poire. Akipata alama mbaya shuleni, Odile alisema tumbo limechafuka na uchafu umepanda kichwani, basi poire. Majirani nao walimletea watoto wao, maana walisema mkono wa Mama Odile ni mwepesi, hauumizi.

Tatiana alikuwa wa mwisho kati ya hao watano, na ndiye aliyelia kuliko wote. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tatu, ameolewa na Guelord, na mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi saba. Walikaa parcelle, yaani kiwanja, ya tatu kutoka kwa mama yake, karibu hivi kwamba Odile akipika sombe, majani ya muhogo, Tatiana alijua kwa pua. Kazi yake ilikuwa kuuza samaki wa ziwa Nzilo sokoni, lakini tangu mimba iingie, harufu ya samaki ilimgeuza moyo, akaacha kwanza.

Huyo Guelord alichimba shaba pamoja na vijana wenzake, upande wa machimbo ya Mashamba. Kijana mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Na mbele ya mama mkwe wake maneno yalikwisha kabisa. Odile na watu wake walitoka kaskazini, na kwao bukwe ni kitu cha heshima kubwa. Mkwe hali chakula mbele ya mama wa bibi yake, yaani mkewe. Hakai kiti chake. Mama naye haingii chumba cha mkwe, na mambo ya mwili, ya choo na ya kitanda, hayatajwi wakiwa pamoja hata kwa kuzunguka. Guelord akimkuta Odile njiani alivua kofia, akapita pembeni akiangalia chini. Odile alimpenda kwa hilo. Kwa marafiki zake kanisani alisema, "Mukwe wangu ananiheshimu mpaka naona huruma."

Jumatatu, Guelord akiwa kazini, Tatiana aliingia kwa mama yake ameinama, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Mama, mi naumwa. Inakamata, inaachia. Kisha inarudi."

"Mutoto anacheza."

"Hapana, Mama. Mutoto anacheza chini. Hii iko huku juu."

Odile akamlaza kwenye mkeka, akampapasa. "Choo ulienda lini?"

Tatiana akafikiri. "Siku ya Mungu, jana asubuhi. Kidogo."

"Unaona? Njo pemba yako ile. Unakula udongo kama kuku. Sasa tumbo imefunga."

"Shi ni mutoto njo anaitaka."

"Mutoto hana meno. Weye njo unatafuna."

Walicheka wote wawili, halafu maumivu yakamkamata Tatiana katikati ya kicheko, akanyamaza, jasho likamtoka juu ya mdomo. Jioni alitapika bukari, ule ugali wote aliokula. Odile hakushtuka. Mwanamke mwenye mimba anatapika, na choo kinamfunga. Nani asiyejua? Yeye mwenyewe alitapika mimba zote tano.

Jumanne asubuhi alingoja mpaka mkwe wake apite barabarani na chepeo ya kuchimbia begani, ndipo akamwita binti yake. Alichemsha majani anayoyajua, akayachuja, akaacha maji yabaki vuguvugu, akakoroga kipande kidogo cha sabuni. Kisha akatoa poire.

"Mama," Tatiana alisema, "mi niko bibi ya mutu sasa, na bado unaniinamisha."

"Bibi ya mutu iko na matako sawa ya mutoto. Inama."

"Na Mama Henriette, muuguzi wa centre, alikataza. Alisema mwenye mimba asiwekewe poire."

"Henriette alizaa wawili tu. Inama, mwanangu, nitafanya polepole."

Akafanya polepole kweli, huku akimsugua mgongo na kumwimbia wimbo wa kumlaza mtoto. Maji yakarudi karibu vile yalivyoingia. Pamoja nayo vilitoka vipande vitatu vidogo, vigumu kama vya mbuzi, basi. Odile aliviangalia akaridhika. Njia imefunguka, alisema moyoni. Hakujua kwamba vilikuwa vimebaki huko chini tangu zamani, na mlango wenyewe uliofungwa ulikuwa juu, mbali, mahali maji yake yasingefika hata kama angeyaingiza mwaka mzima.

Jumatano Tatiana alitapika maji ya kijani. Hapo Guelord hakwenda kazini. Alimshika bibi yake begani, Odile akabeba kitenge na kikombe, wakaenda centre de santé, zahanati ya mtaa, kwa miguu, maana hapakuwa mbali.

Mama Henriette alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani inayoning'inia kifuani na sauti ya kufika barabarani. Kila Jumanne, siku ya wenye mimba kupimwa, aliwapigia kelele wamama wanaotia dawa za majani kwa nyuma. Odile alikuwa ameisikia sauti hiyo mara nyingi, akiwa nje ya dirisha akimngoja binti yake. Sasa Henriette alifungua fiche, karatasi ya mgonjwa, akashika kalamu, akamgeukia yeye, kwa sababu Tatiana alikuwa amefumba macho na kupumua kwa mdomo.

"Anatapika tangu lini?"

"Juzi."

"Choo inatoka?"

Guelord alisimama palepale, amemshika bibi yake asianguke kwenye benchi. Kati ya kiatu chake na kiatu cha Odile palikuwa na hatua moja. Odile aliona uso unamwaka moto. Aseme choo cha binti yake mbele ya mkwe? Aseme hakuna kilichotoka isipokuwa vipande vitatu, navyo kwa poire, na Henriette aanze kupiga kelele mbele ya mkwe huyohuyo?

"Inatoka," alisema.

"Lini?"

"Jana."

Wala haukuwa uongo wote. Vilitoka jana, aliviona kwa macho yake. Henriette akaandika. Akamtoboa Tatiana kidole, akapima damu, akakuta malaria, croix moja, yaani kidogo tu. Hapa kwetu kila mtu akipimwa ana croix moja. Akampa dawa ya malaria na ya kuzuia kutapika, akawaambia warudi isipopungua. Njiani Odile alijisikia mwepesi kidogo. Malaria anaifahamu. Malaria inapona.

Ile dawa haikukaa tumboni hata dakika kumi. Alhamisi asubuhi Tatiana alitapika kitu cha rangi ya udongo, na harufu yake ilikuwa ile ambayo haipaswi kutoka kinywani mwa mtu. Odile aliinusa akajifanya hakuinusa. Tumbo lilikuwa limevimba huku juu ya mtoto, limekaza, ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Guelord akakimbia kutafuta teksi, wakampeleka hospitali kubwa.

Daktari aliyewapokea aliitwa Muamba, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani. Alisoma fiche ya centre kutoka juu mpaka chini. Akamshika Tatiana tumbo, na alipolishika likakaza, Tatiana akauma kitenge.

"Miezi saba," daktari alisema. "Malaria imeonekana. Choo kilitoka juzi, hiki kimeandikwa hapa. Naona malaria imeamsha uchungu kabla ya siku zake. Tutamwekea serumu mshipani, tutampa dawa ya kutuliza mji wa mimba, na tutamwangalia mpaka kesho asubuhi."

Mpaka kesho asubuhi. Odile alilishika neno hilo likamchoma mkono. Tatiana akafungua macho, akamtafuta mama yake.

"Mama, mutoto amepunguza kucheza."

"Anapumzika."

"Mama, mi pia nachoka. Usiniache."

Odile aliangalia mtoto wake, huyu aliyelia kuliko wote Jumamosi, sasa hana hata nguvu ya kulia. Akaangalia ile fiche mkononi mwa daktari, ambapo uongo wake uliandikwa kwa kalamu nzuri ya bluu, na kila anayesoma anauamini. Akamgeukia Guelord.

"Mukwe, enda utafute maji ya kunywa."

Guelord alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa Tatiana ulikuwa umeshika shati lake. "Mama, nisamehe," alisema, akiangalia sakafu. "Sitoki."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia jambo. Basi hapakuwa na njia nyingine. Odile akapiga moyo konde.

"Munganga, ile choo haikutoka. Mi nilidanganya. Nilimutia poire, dawa ya majani, na vikatoka vipande vitatu tu, njo ile niliita choo. Yeye mwenyewe hajaenda tangu siku ya Mungu."

Alingoja kelele. Dokta Muamba hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini.

"Na upepo, Mama? Anatoa upepo kwa nyuma?"

Hilo Odile hakulijua, maana hakai nyumba yao. Ndipo sauti ya Guelord ikatoka chini, karibu na godoro.

"Hautoki, munganga. Mi nalala naye. Tangu siku ya Mungu hakuna, hata kidogo."

Uso wa Odile ulimshuka, na masikio ya Guelord yakawa kama yamepakwa moto, lakini neno lilikuwa limekwisha toka, kutoka kwa mkwe mbele ya mama mkwe, na dari haikuanguka. Daktari alikuwa tayari mlangoni, anaita mashine ya échographie, ile ya kuonea ndani ya tumbo.

Alimpaka Tatiana tumboni dawa ya baridi, akapitisha kifaa kwanza kwa mtoto. Moyo ulikuwa unapiga. Kisha akapanda juu, ubavuni, akasimama. Akamwita Odile na Guelord waone. Pale kwenye kioo palikuwa na duara ndani ya duara, ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

"Utumbo umemeza utumbo," alisema. Akavuta mkono wa koti lake ukaingia ndani, kama unavyovua koti kwa haraka na mkono unabaki umejigeuza. "Hivi. Kipande cha juu kimeingia ndani ya kile kinachofuata, na kinakazwa. Hakuna kinachopita. Ugonjwa huu tunauona kwa watoto wanaonyonya. Kwa mtu mkubwa ni nadra, na kwa mwenye mimba, mimi nina miaka kumi na moja katika kazi hii, huyu ni wa kwanza kumwona. Tunampasua sasa. Tungengoja kesho, ule utumbo ungeoza ndani."

"Na mutoto?" Tatiana aliuliza.

"Mtoto tunamwacha mahali pake. Yeye hana kosa."

Wakampitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, uchafu ukaanza kutoka. Odile alimshika kichwa, kama siku za Jumamosi, akamwambia, "Ukitoka huko nitakuomba musamaha vizuri, nimevaa nguo safi." Tatiana alijaribu kucheka na ule mpira puani. "Nguo ya kanisa," akasema. Kisha wakamsukuma.

Nje ya chumba cha kupasulia palikuwa na benchi moja tu. Odile akakaa upande huu, Guelord akasimama mbali, ukutani. Baada ya muda Odile akapigapiga mbao kwa kiganja. "Kaa. Leo heshima ikae nje kidogo." Akakaa, kwenye ncha kabisa, karibu ya kuanguka.

"Mi njo nimemuletea hii yote," Odile alisema. "Ningesema kweli pale kwa Henriette, tungekuwa hapa jana."

Guelord alizungusha kofia yake mikononi. "Mama, mi pia nilijua."

"Ulijua nini?"

"Pale centre, uliposema inatoka. Nilijua haitoki. Tatiana alikuwa ameniambia. Nilisema moyoni, mama amesema ndiyo, sasa mi nimuambie mama wa bibi yangu kama anasema uongo? Na mbele ya batu? Nikanyamaza." Akafuta uso kwa kofia. "Nilimubeba kumurudisha nyumbani nikijua."

Odile alikuwa amebeba kosa lake kama mzigo wa mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili, kila mmoja akimstahi mwenzake, na Tatiana katikati anaoza. Akatoa rozari mfukoni. Guelord aliomba kwa Waprotestanti, hakujua rozari, lakini kila Odile alipofika mwisho wa Salamu Maria, yeye aliitika amina.

Saa tatu zilipita. Dokta Muamba alitoka, kofia yake imelowa jasho. Walikata kipande cha utumbo, urefu wa kiganja na vidole vyake, kilichokuwa kimeanza kuwa cheusi, wakaunganisha uliobaki. Ndani yake walikuta kinyama kidogo kilichoota, kama harage, ndicho kilichovutwa na kuvuta utumbo wote nyuma yake. Si pemba. Si majani ya Odile. "Lakini yale majani yangeweza kupasua," alisema, bila kukaza sauti, "na kile choo cha kwenye fiche ndicho kilichotunyima siku nzima, Mama." Moyo wa mtoto bado ulikuwa unapiga.

"Amepona?" Odile aliuliza.

"Bado. Siku atakapotoa upepo, hapo nitakuambia amepona."

Basi ikaanza kazi ya kungoja upepo. Msicheke. Hakuna kitu Odile alichowahi kungoja hivyo, hata mshahara wa marehemu bwana wake. Tatiana hakuruhusiwa kula wala kunywa. Mama yake alilowesha pamba, akampitishia midomoni, akampitishia tena. Ijumaa hakuna. Jumamosi hakuna. Wagonjwa wengine chumbani walijua, wakaanza kuuliza asubuhi kama wanavyouliza hali ya barabara: "Je, umepita?" Bado. Mwanamke wa kitanda cha dirisha, aliyevunjika mguu, alisema yeye anao mwingi, kama ungewezekana kuazimana angempa. Tatiana alishika mshono asicheke.

"Mama, batu bananiangalia matako kama ni saa ya kanisa."

"Acha baangalie. Yatalia tu."

Jumapili usiku Odile alifunga macho akaona kama hautakuja. Asubuhi alikuwa amekonda uso. Guelord alingoja koridoni kila siku, anachungulia mlangoni, anamwangalia mama mkwe wake usoni sasa, bila kuzunguka, na nyusi zake zinauliza. Odile anatikisa kichwa. Anarudi ukutani.

Jumatatu, baada ya saa sita mchana, Tatiana alimvuta mama yake kitenge.

"Mama. Inama."

"Unaumwa?"

"Inama kwanza." Akamnong'oneza sikioni. Kisha, kana kwamba mama hakuamini, tumbo lenyewe likathibitisha, kwa sauti ndefu, nyembamba, yenye kusitasita, na chumba chote kikanyamaza kuusikiliza mpaka ulipokwisha. Yule wa mguu uliovunjika akasema taratibu, "Asante Yesu."

Odile alitoka koridoni. Palikuwa na watu wengi, wagonjwa na wageni wao, na padri mmoja pia. Alimwendea mkwe wake mpaka mbele yake, akasema wazi, kama anatangaza kuzaliwa kwa mtu:

"Guelord, umetoka."

Yule kijana wa mabega mapana aliteleza na ukuta mpaka sakafuni, akafunika uso, akalia. Odile akamwekea mkono kichwani. Padri aliwaangalia wote wawili kwa huruma, akidhani wamefiwa.

Wiki tisa baadaye Tatiana alijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike wa kilo mbili na nusu, wakamwita Shekina. Odile alimwomba binti yake msamaha siku ya ubatizo, amevaa nguo ya kanisa, na Tatiana akamwambia kwamba alikwisha msamehe tangu zamani, lakini aendelee tu kusema maana anasema vizuri.

Na sasa Jumanne Odile anaenda mwenyewe centre, anakaa kwenye benchi la wenye mimba na kilemba chake, wala hakuna aliyemwita. Mama Henriette anamwacha. Anawaambia: maumivu yanayokamata na kuachia, kutapika kijani, choo na upepo vimekatika, tumbo linavimba, hiyo si mimba inayokusumbua. Usiweke kitu nyuma, kimbia hospitali. Na ukiulizwa, sema kile kilichotokea, hata kama aliyesimama kando yako ni mkwe, ni shemeji, ni pasta. Daktari hana macho ya kuona ndani, anaona kwa maneno yako.

"Mama, basi," Tatiana anamwambia, mtoto yuko mgongoni. "Tumbo yangu imekuwa radio ya mutaa."

"Radio inasaidia batu," Odile anajibu, na kumgeukia msichana anayefuata, mwenye miezi sita hivi, aliyeletwa na baba mkwe wake. "Weye, mwanangu, umeshika tumbo hivyo kwa nini? Choo ulienda lini?"

Msichana anamwangalia baba mkwe wake. Mzee anakohoa, anaangalia viatu vyake. Odile hasogei wala haangalii pembeni, anangoja, mkono wake juu ya goti la msichana.

"Tangu siku ya tatu ya wiki iliyopita, Mama," msichana anasema mwishowe.

Odile anainuka, anamshika mkono, wanaingia kwa Henriette bila kupanga mstari.